Mgeni wa Miguu Minne

Alikuja kwangu mara ya kwanza na buibui jipya mkononi, akataka nilipandishe shubiri moja kutoka chini. Mimi ni fundi cherehani hapa Mabawa, na katika maisha yangu yote ya ufundi nimeombwa kurefusha mabuibui, kuyapunguza ubavuni, kuyatia nakshi mikononi. Kuyapandisha mpaka vifundo vya miguu vionekane, hilo sikuwahi kuombwa. Nikamtazama vizuri. Alikuwa mtu mzima, wa umri wa mama yangu mdogo, uso umetulia, kandambili miguuni.

"Shikamoo, mama. Umesema kupandisha?"

"Marahaba. Kupandisha. Likikaa chini mbwa wanalitia mate."

Nilidhani ananitania. Siku chache baadaye nikamwona barabarani na mbwa mweusi kwa kamba, buibui lile lile limepanda kama alivyotaka, mwavuli kwapani, anatembea kwa utulivu wa mtu anayekwenda kumjulia hali mgonjwa. Ndipo nilipoamini.

Kazi yake ilikuwa Raskazone, upande ule wenye nyumba za bustani, wanakokaa watu walioletwa Tanga na kazi: wa bandarini, wa mabenki, madaktari. Wengi wao ni Wakristo kutoka Moshi, Bukoba na kwetu Lushoto, na nyumba nyingi zina mbwa. Asubuhi jua likiwa bado pole, na tena alasiri, aliwatoa mbwa hao mmoja mmoja akawatembeza. Mwenye nyumba akisafiri, alikwenda kumpikia mbwa aliyebaki, kumwogesha na kukaa naye kidogo barazani asijione mkiwa. Msimu wake mkubwa ulikuwa Krismasi, watu wanapopanda kwao milimani na Raskazone nzima kubaki na walinzi na mbwa. Alijua Pasaka inaangukia lini kabla mimi Mlutheri sijaisikia kanisani.

Kabla yake, mbwa waliachiwa walinzi. Mwenye nyumba alijaza nyama kwenye friji, akarudi Januari akakuta mlinzi amenenepa na mbwa amebaki mbavu. Hilo kila mtu Raskazone alilijua, na ndilo lililompa kazi.

Mji ulicheka sana. Muuza kahawa anayekaa mbele ya kibanda changu alikuwa na swali moja, hakuchoka nalo: "Mbwa ana miguu minne, yule mama miwili. Sasa hapo nani amtembeze mwenzake?" Watoto walimwita Mama Mbwa. Hakuwakasirikia, ila aliwasahihisha kila mara, bila kupandisha sauti.

"Mama yao yuko kwao. Mie mlezi tu."

Basi nami nitamwita hivyo, Mlezi, maana ndilo jina alilojipa.

Huku pwani mbwa ni najisi. Mate yake yakikugusa huna budi kuosha mara saba, na moja katika hizo saba iwe kwa udongo. Nimeyajua haya si kwa kusoma, bali kwa kumtazama yeye. Alikuwa amepanga chumba nyuma ya kibanda changu, na nje ya mlango wake palikuwa na ndoo ya maji na kopo la maziwa ya unga lililojaa udongo alioupepeta mwenyewe ukawa laini kama unga wa sembe. Akitoka kazini hakushika kitasa cha mlango kabla hajamaliza kuosha. Hakuruka hata mara moja, hata mvua ikimnyeshea pale pale. Mbwa wenyewe aliwaogesha kwa brashi aliyoifunga kwenye mti wa fagio, amesimama mbali kama mtu anayepaka rangi dari. Akimgusa mbwa, ni mgongoni tu, naye awe amekauka.

"Mkavu kwa mkavu hapana najisi," aliniambia. "Tabu iko kwenye pua na ulimi. Na mbwa ndiko kuliko na mapenzi yake huko."

Kulikuwa na watu waliotaka kumfariji. Walimletea kile kisa cha mtu aliyempa maji mbwa mwenye kiu akasamehewa madhambi yake. Alikisikiliza kwa adabu kila kilipoletwa, na kililetwa mno. Siku moja alinong'ona mgeni wake akishaondoka: "Yule alimpa maji akenda zake. Mie nakaa nao." Sikujua kama anajisifu au analalamika. Nadhani yote mawili.

Mbwa hakuwaita kwa majina. Wote walikuwa "mgeni". Mgeni wangu wa leo hajala. Mgeni wa kwa daktari anaumwa sikio. Jina, alisema, ni la mwenye mali. Ukianza kuita jina utasahau kwamba si wako. Na alikuwa na desturi moja ambayo wenye mbwa waliicheka, lakini ilibidi waifuate. Kabla mtu hajaondoka na mabegi yake, Mlezi alimsimamisha getini.

"Sema umeniachia."

"Nimekuachia, mama."

"Nimepokea."

Na siku ya kurudi ni hivyo hivyo kwa kugeuza: amana yako hii, nimeipokea. Bila maneno hayo alikuwa hagusi kamba. Daktari mmoja wa kike, mwenye haraka ya ndege, alimwambia watafanya siku nyingine. Mlezi akageuka akaanza kuondoka, na daktari ikambidi ateremke kwenye gari aje aseme. Ukimwuliza kwa nini, alikuwa na jibu lile lile: kuku wa jirani akija kwako amejileta mwenyewe, lakini ukikabidhiwa, ukizembea, utaulizwa. Na hakusema utaulizwa na nani.

Kama nimemfanya aonekane mtu wa sheria tupu, nimekosea. Paka alikuwa hawawezi kabisa. Paka, ambaye ni twahara, anayelala juu ya miswala ya wazee na kula sahani moja na watoto, alimwona mtovu wa adabu. "Anaingia jikoni bila hodi," alisema. Familia moja ilimwomba alee paka wao. Akakubali, ila chakula alikuwa anakipitisha dirishani na kufunga haraka, na paka yule aliporudishwa kwa wenyewe alikuwa amenenepa na hamjui aliyemnenepesha.

Nilimwuliza kama anawapenda mbwa. "Nawalea," akasema. Lakini mara moja nilipita Raskazone kupeleka mapazia, nikamsikia barazani akimsimulia mgeni wake habari za magoti yake, mkwewe, na namna mjukuu wake wa kike alivyoota meno ya juu kabla ya yale ya chini. Mbwa alikuwa amelaza kichwa juu ya miguu yake ya mbele, anasikiliza. Nilikohoa. Mlezi akajifanya anakunja kamba.

Kuna jambo moja liliniuma, na hata leo naliona. Palikuwa na hitma mtaani, kina mama wamekusanyika uani kukata vitunguu na kuchambua mchele, na mke wangu naye alikwenda, maana sisi huenda kwao nao huja kwetu. Mlezi alifika amevaa safi, ameoga, amejifukiza udi. Alipoketi tu na kushika kisu, mama mmoja akakichukua mkononi mwake kwa upole mkubwa.

"Wewe pumzika, bi mkubwa. Kazi unazofanya zinatosha."

Akampokonya, kwa neno zuri, kisu cha vitunguu. Mke wangu, Mlutheri, ambaye kila mtu pale anajua tunakula nini Krismasi, aliachiwa kisu chake. Wakati wa kurudi, njiani, mke wangu akataka kuomba radhi kwa niaba ya wengine. Mlezi akamshika mkono. "Wana haki. Huenda nami ningeogopa." Wakatembea. Walipokaribia nyumbani akasema tena, taratibu: "Lakini nilinawa." Mke wangu alipoisimulia habari hiyo usiku huo machozi yalimtoka, na mimi nilikasirika nisijue pa kuipeleka hasira yangu.

Siku nyingine mgeni wake mmoja alimng'ata mkono. Alikwenda kuchomwa sindano, akafunga bendeji, akaendelea na kazi kama kawaida. Mwenye mbwa aliyapata hayo siku aliporudi tu, baada ya maneno ya getini, na tena kwa kuuliza mwenyewe bendeji ile ni ya nini. Nilimlaumu. "Mgeni hasemwi angali ugenini," akanijibu.

Katika wageni wake wote, mmoja ndiye aliyemgeuzia maisha. Alikuwa mbwa wa kahawia, mkubwa, sikio moja limelala, na jina lake lilikuwa Popi, kwa Kizungu mbwa mtoto. Jina alilopewa akiwa mdogo na ambalo hakuna aliyekumbuka kulibadilisha alipokuwa jitu. Mwenye mbwa alikuwa mzee mmoja mstaafu wa bandari, Mkatoliki wa Rombo, mjane, anayeishi peke yake katika nyumba ya kupanga. Kila Desemba alikwenda kwao, na kila Jumapili akitoka misani alipiga simu. Mlezi aliiweka simu karibu na sikio la mbwa, ameinyosha kwa urefu wa mkono wake wote, na kusema, "Msalimie baba yako." Mzee alikuwa anaongea Kichaga kule, na Popi anapiga mkia sakafuni huku.

Desemba moja mzee alisema maneno yake getini, akapanda basi, na hakurudi. Aliugua akiwa huko. Mwanzo aliendelea kupiga, sauti inazidi kufifia kila Jumapili. Kisha simu ikawa haipatikani. Mlezi alikuwa na namba hiyo moja tu. Tuliuliza Raskazone, tukauliza parokiani. Walijua tu kwamba anauguzwa na binti yake Moshi. Mwenye nyumba akatoa vitu vya mzee, akavihifadhi stoo, akaleta mpangaji mwingine. Popi akabaki barabarani na kamba yake.

Chumba cha Mlezi kilikuwa katika nyumba ya watu wanaoswali. Mbwa hakuingia humo hata uani. Nikamlaza kibandani kwangu. Suti za wateja zikatoka na manyoya, bwana harusi mmoja akaja kunigombeza, na nikajua hatutafika mbali.

Wakati huo huo mwanawe, ambaye ni ustadhi wa madrasa kule Pongwe, alikuwa anamwomba mama yake ahamie kwake. Alikwisha kujenga chumba cha uani. Mjukuu, yule wa meno ya juu, alikuwa ameanza kutembea, na mama yake mtoto amerudi kazini. Sijapata kumwona mtu akitamani kitu kama Mlezi alivyotamani chumba kile. Alininunulia kitambaa nimshonee mtoto gauni, akawa anakuja kuligusa likiwa bado kwenye mashine. Lakini sharti la ustadhi lilikuwa moja, na alilisema kwa heshima zote, ameketi kwenye benchi langu huku mbwa amelala chini ya meza.

"Mama, chumba chako. Mjukuu wako yule anakungoja. Lakini nyumba yangu mimi inasomewa Qurani asubuhi na jioni. Mbwa siwezi."

"Sijasema uweze."

"Basi mpe mtu. Watu wanatafuta mbwa."

"Nimpe kwa ruhusa ya nani? Aliyeniachia yuko hai, hajaniambia nimtoe."

"Mama, ni mbwa."

"Ni amana," akasema Mlezi. "Wewe ndiye uliyenisomea. Ulisema kuna amana ya dhahabu tu?"

Ustadhi akatazama sakafu. Ni kijana mwema, na kilichomtesa ni kwamba alijua mama yake hakosei. Mlezi akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya.

"Hivi, ni mbwa gani asiyekuwa na neno kumfuga?"

Naye akajibu kama anavyowajibu wanafunzi, hata hakufikiri. "Mbwa wa mifugo, mbwa wa kuwinda, na mbwa wa shamba."

"Wa shamba."

"Ndiyo. Anayelinda shamba."

"Haya," akasema Mlezi, akainuka, akakung'uta buibui. "Basi nitafute shamba."

Tulicheka, mimi na ustadhi, tukidhani limekwisha hapo. Mwanamke yule alizaliwa na kukulia mjini. Jembe alikuwa analiona kwenye duka la vifaa. Lakini baada ya mwezi wa Ramadhani alikuwa amepata sehemu ya shamba Tongoni, kwa jamaa ya marehemu mumewe, pamoja na kibanda cha udongo cha kujihifadhi. Wageni wake wa Raskazone aliwarudisha mmoja mmoja kwa wenyewe, getini, kwa maneno yale yale. Kisha akampandisha Popi kwenye bajaji, akatandika gunia katikati yao, wakaondoka. Gauni la mtoto aliniachia nimpe ustadhi.

Mjini tuliona kwamba amerukwa na akili. Kumwacha mjukuu kwa ajili ya mbwa! Muuza kahawa aliacha swali lake la zamani akatunga jipya. Mimi nilimtetea, lakini nyumbani, kwa mke wangu, nilisema hata mimi nisingefanya.

Yapata mwaka na zaidi ukapita. Mwaka huu, baada ya mvua za masika, mwanamke mmoja aliyevaa kitambaa cheusi kichwani alisimama mbele ya kibanda changu, akauliza kama ni hapa anapojulikana mama aliyekuwa anamtunza mbwa wa baba yake. Baba alikuwa amefariki. Alikuja kuchukua vitu vyake stoo, na kesho yake asubuhi alikuwa na basi la kurudi. "Nilidhani hata mbwa amekwisha kufa," akasema. Akaniachia namba yake.

Nilikwenda Tongoni siku iliyofuata. Unaacha barabara kubwa, unapita njia ya magofuni, unauliza shamba la mama mwenye mbwa, na kila mtu ananyosha kidole. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda anapukuchua mahindi, amekonda, amekuwa mweusi kwa jua, viganja vimekomaa. Popi alikuwa amelala kivulini mwa kibanda. Kwenye mahindi, si mbali, ngedere wawili walikuwa wanakula kwa raha zao.

"Shikamoo, mama. Mlinzi wako amelala."

"Marahaba, mwanangu. Mwache. Kazi yake ni kuwepo." Akacheka. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mie huyu nilimpa, na hajalishika mpaka leo."

Nikamweleza niliyokuja nayo. Aliweka gunzi chini, akamwombea mzee apumzike salama, kwa namna ambayo haikujali alikuwa wa dini gani. Kisha akauliza nani mrithi. Nikatoa simu, nikampigia yule binti, nikaiweka sauti kubwa.

"Pole, mwanangu," akasema Mlezi. "Msiba ni wetu sote. Nina amana ya baba yako."

"Asante, mama. Yule mbwa? Si umeshakaa naye? Kaa naye tu, mama, sisi huku hatuna nafasi."

"Sivyo. Sema umenipa."

Nilisikia gari likipita kule kwake. "Nimekupa, mama," akasema binti. "Baba alikuwa anamuulizia. Mpaka mwisho alikuwa anauliza Popi anakula."

"Alikuwa anakula," akasema Mlezi. "Nimepokea."

Simu ikakatika. Nikasema neno ambalo nadhani mtu yeyote angelisema. "Basi, mama, amana imekwisha. Sasa ni wako, unaweza kumpa umtakaye. Hawa jirani zako watamchukua hata leo. Nenda Pongwe ukalee mjukuu."

Alikuwa anamtazama yule mbwa, na nilimwona akihangaika na jambo, midomo inacheza kama ya mtu anayejaribu neno la lugha ya kigeni.

"Popi," akaita.

Mbwa akainua kichwa. Lile sikio lililolala likasimama nusu. Miaka yote hiyo hakuwahi kumsikia akilitamka jina lake, na alikuwa mzee, kuinuka kwake ni shughuli. Lakini aliinuka, akaja taratibu huku miguu ya nyuma ikiyumba, akaingiza pua katika kiganja chake. Mlezi hakuurudisha mkono. Alimwacha aulambe, mbele na nyuma, mpaka alipotosheka mwenyewe. Mimi niligeuka nikatazama ngedere.

"Niletee kopo," akasema baadaye. "Liko mlangoni."

Nikaleta kopo la udongo na ndoo ya maji. Akajiosha kama alivyokuwa akijiosha Mabawa, bila haraka, bila kuruka hata moja, na Popi amelala miguuni pake.

"Ukirudi mjini mpitie ustadhi," akasema akijipangusa. "Mwambie mahindi yameiva, amlete mtoto. Na mwambie huku ni shamba."